Volkswagen ya Mwalimu, puli ya kung'aa na daraja la Busisi

Gari ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, injini ya 1500, usukani kulia, mali ya mwalimu mstaafu wa Nyegezi, Mwanza. Kwa zaidi ya miaka miwili lilikuwa likimpeleka Sengerema kwa ndugu zake na kumrudisha bila usumbufu. Julai 2025 likaanza kuchemsha njiani, na dalili zikawa zile zile kila safari. Likishapita Busisi, ng'ambo ya ziwa, nguvu inapungua kwenye miinuko. Taa ya oili inapepesa akiachia mafuta. Akizima swichi, injini inajikohoza mara mbili tatu kabla ya kukubali kuzimika.

Kati ya Juni na Julai hakuna spea iliyobadilishwa wala fundi aliyeligusa, na hicho ndicho kilichowachanganya waliotangulia kuliangalia. Kasoro zote kubwa tulizokuja kuzikuta zilikuwa zimekaa humo tangu injini ilipofungwa upya mwaka 2023. Kama zilikuwepo siku zote hizo, kwa nini zisubiri Julai?

Waliotangulia

Jibu la kwanza alilopewa Mwalimu lilikuwa umri wa gari. Jibu hilo ni rahisi na halimsaidii mtu, kwa sababu injini iliwekewa pistoni na silinda mpya mwaka 2023. Bodi ina miaka yake na injini ina yake.

Jibu la pili lilikuwa joto la nchi, kwamba injini za upepo, zinazopozwa kwa hewa badala ya maji, zilitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ujerumani. Hili nalisikia kila mara, na kila mara nawakumbusha watu mbio za magari za Safari Rally. Volkswagen ilizishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa injini ndogo kuliko hii ya Mwalimu, kwenye vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika, enzi ambazo barabara nyingi za huku zilikuwa bado hazijaonja lami. Mwanza mchana joto linacheza kwenye 28 au 29, na si joto la kuua injini hiyo.

Kuna kitu kimoja cha kweli ndani ya hoja hiyo, ila wanaoitoa hawakitaji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Feni inasukuma ujazo, haisukumi uzito. Kila inapozunguka Mwanza inatupa hewa pungufu kidogo juu ya silinda kuliko ambavyo ingetupa Kariakoo. Upungufu huo peke yake haumalizi injini nzima, lakini unakula ile akiba ambayo ingekusamehe makosa mengine.

Baada ya maneno vikaja vitendo. Fundi mmoja aliona taa ya oili inapepesa, akamwaga oili iliyokuwemo na kuweka namba 50, nzito kama asali ya Tabora. Mwingine akavua mabati ya chini ya silinda kwa kuwa "yanaziba upepo", akatoa na thermostati, kifaa kinachofungua na kufunga njia ya hewa kufuata joto. Wa tatu alikata kijiti cha mwarobaini akategesha mfuniko wa nyuma ubaki wazi wakati gari linatembea. Kijiti nilikikuta bado kipo kazini.

Hawa si mafundi wabovu. Wawili nawafahamu, na Toyota wakiifunga haifunguki hovyo. Tatizo ni kwamba kwenye gari lenye rejeta, kufungua kitu na kupunguza kifuniko karibu siku zote kunasaidia. Kwenye injini hii hewa inafungiwa, inaelekezwa, na hairuhusiwi kuchagua njia. Feni imekaa kwenye shafti ya dainamo, ndani ya kava kubwa la bati, na mkanda mmoja unaizungusha karibu mara mbili ya kasi ya krenki. Inavuta hewa iliyoingia kwa matundu ya chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma kwenda chini kupita kwenye mapezi ya silinda na hedi, na hewa inatokea chini ya gari ikiwa ya moto. Mabati yanayozunguka injini, pamoja na mpira unaoyabana kwenye bodi, ndiyo ukuta kati ya hewa mpya ya juu na hewa iliyotumika ya chini, uliko pia moshi na joto la ekzosi. Ukuta ukitoboka, feni inaanza kuvuta hewa ile ile iliyokwisha kuitema. Mimi naliita bati hilo rejeta ya Volkswagen, na mtu akilivua na kulitupa namuuliza kama angevua na kutupa rejeta ya Corolla.

Tulichokuta

Nilianza na tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya roka na valvu, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Nilitumia fila geji ya milimita 0.10. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa sawa au karibu na sawa. Silinda ya tatu, ile ya kushoto upande wa mbele, karibu na mgongo wa kiti cha nyuma, valvu ya kuingizia ilikuwa sawa pia. Valvu yake ya ekzosi haikuwa na nafasi hata kidogo. Geji haikuingia, na roka ukiitikisa kwa vidole haichezi.

Niliiseti, tukaenda na gari hadi Buhongwa polepole na kurudi, likalala. Kesho yake asubuhi geji ile ile iligoma tena, na nyembamba zaidi, ya 0.05, ikapita kwa shida. Nafasi ya tapeti ikipanuka tuna mambo mengi ya kujadili. Ikijifunga yenyewe namna hiyo, usiku mmoja, valvu inarefuka kwa joto au inazama kwenye kiti chake, na kichwa chake kinajiandaa kukatika.

"Mwalimu, gari lisitoke tena hapa."

"Hata kufika Mkolani kuchukua mkate?"

"Hata Mkolani. Kichwa cha valvu kikidondoka kitakutana na pistoni, na hapo hatutakuwa na injini ya kutengeneza, tutakuwa na vyuma vya kuuza kwa kilo."

"Haya fundi, nimesikia. Nitapanda hiace."

Kwa nini ni ya tatu na si nyingine? Kwenye injini za zamani za aina hii oili kula (kipoza oili) imesimama wima ndani ya kava la feni, juu ya silinda za kushoto. Hewa inayofika silinda ya tatu imeshapita kwenye oili kula na kubeba joto la oili. Volkswagen wenyewe walilirekebisha jambo hilo kwenye magari ya modeli ya 1971, wakaisogeza oili kula nyuma ya kava, ikapewa mkondo wake wa hewa na feni pana zaidi. Injini ya 1968 haina bahati hiyo. Chochote kitakachoongeza joto la injini nzima, silinda ya tatu ndiyo inayolipa kwanza, kwa hiyo ugonjwa wa silinda hiyo haukuambii sababu. Unakuambia tu kwamba sababu ipo mahali fulani.

Kwa kuwa hatukuweza tena kulitembeza, uchunguzi uliobaki tuliufanya gari likiwa limesimama. Ule mpira wa kuzunguka injini ulikuwa umeliwa upande wa kulia wote, na bati la kuzibia upande huo lilikuwa limepinda hadi mkono wangu ukapita. Nilimwomba mama mwenye nyumba chetezo chenye ubani. Injini ikawashwa, ikaachwa inanguruma taratibu, nami nikasukuma chetezo chini ya gari, chini ya pengo lile. Moshi wa ubani ulitakiwa utambae kwenda pembeni na kupotea. Badala yake ulisimama wima kama uzi, ukapanda kwenye pengo, ukaingia chumba cha injini na kumezwa na feni. Tukakihamishia chetezo kwenye matundu ya chini ya kioo, ambako hewa yote ilitakiwa kuingilia. Huko moshi ulivutwa kidogo tu, kwa uvivu. Mwalimu aliinama kuangalia mara mbili, miwani ikiwa imemshuka puani, akaomba nirudie, kisha akamwita jirani naye aje aone.

Halafu tukaifikia puli, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kinene.

Injini ilipofungwa upya mwaka 2023, mpwa wake Mwalimu anayeishi Dar es Salaam alimletea zawadi. Kulikuwa na vifuniko vya tapeti vya kung'aa, distributa mpya (kigawa cheche) ya aina ya 009, na puli ya krenki, ile inayovuta mkanda wa feni, ya alumini iliyochorwa digrii mzunguko mzima, nzuri hasa. Kijana alikuwa na nia njema na alitumia pesa zake. Puli hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mashindano. Ni ndogo kuliko ya kiwandani makusudi, ili feni izunguke polepole na kuiibia injini nguvu kidogo. Dereva wa mashindano anaikamua injini mizunguko ya juu muda wote, hivyo hata feni iliyopunguzwa bado inakimbia vya kutosha. Mwalimu anatembea kilomita 60, akizidisha sana 70, gia ya nne, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Kwa mwendo huo feni haina cha ziada cha kupunguziwa. Tulizungushia uzi puli hiyo, kisha ile ya zamani ambayo Mwalimu alikuwa ameihifadhi stoo, tukapima nyuzi mbili kwa rula. Feni ilikuwa imepoteza takriban sehemu moja ya tano ya kasi yake, na hewa inayotupwa na feni ya namna hii inapungua sambamba na kasi.

Kama puli ingeishia hapo pengine gari lingevumilia. Lakini iliongoza kwenye kosa la pili. Puli ya kiwandani ya gari hili ina alama ya digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, na fundi aliyezoea anaoanisha alama hiyo na mstari wa kati wa bloku, kazi imeisha. Puli mpya ina namba nyingi, na iliyochorwa kubwa kuliko zote ni sifuri. Aliyeifunga aliiseti taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwenye sifuri. Distributa ya 009 haina mfuko wa vakyumu. Inasogeza cheche kwa vyuma vyake vya ndani tu, kwa digrii 20 na kitu, kadiri mizunguko inavyopanda, na inatakiwa ifikie jumla ya digrii 28 hadi 32. Ukiianzishia sifuri haifiki huko. Nilipoweka taimingi laiti na kupandisha mizunguko, ilisimama kwenye 22.

Cheche ikichelewa hivyo, mchanganyiko unakuwa bado unaungua wakati valvu ya ekzosi inafunguka. Joto lililotakiwa kusukuma pistoni linapita shingoni mwa valvu. Gari linakuwa zito, dereva anakanyaga zaidi kufidia, na joto linazidi. Zawadi moja ya kung'aa ilikuwa imepunguza hewa na kuongeza moto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana naiweka puli ya kwanza kwenye orodha ya wahusika, mbele ya mpira uliochakaa, ingawa mpira ndio uliotuonyesha tamthilia ya ubani.

Oili namba 50 nayo ilikuwa na mchango wake, mdogo lakini wa kinyume kabisa na nia ya aliyeiweka. Ndani ya bloku kuna valvu ya presha. Oili ikiwa nzito na presha ikapanda, valvu inafunguka na oili inapita njia ya mkato bila kwenda kwenye oili kula. Oili nzito inachelewa kuanza kupozwa. Taa ilikuwa inapepesa kwa sababu oili ilikuwa ya moto mno na imekuwa nyepesi kama maji. Dawa yake ilikuwa kupunguza joto.

Kivuko cha Kigongo

Swali la Julai lilikuwa bado limekaa, na alilijibu Mwalimu mwenyewe bila kujua. Tulikuwa tunakunywa chai, akawa analisifia Daraja la Magufuli, jinsi Kigongo na Busisi zilivyokuwa sasa kama mtaa mmoja. Kisha akasema kitu kimoja tu amekikosa: "Siku hizi sipati hata nafasi ya kula samaki pale kivukoni."

Nikamuuliza alikuwa anakaa pale muda gani. Akasema inategemea foleni, lakini samaki alimla akammaliza, na gazeti akalimaliza pia.

Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3 na gari linalivuka kwa dakika chache. Kabla ya hapo safari ya Mwalimu ilikuwa na vipande viwili: Nyegezi, Usagara, kukata kulia hadi Kigongo, halafu kuzima injini. Akishavuka, Busisi hadi Sengerema. Katikati gari lilikaa limezimwa kwenye foleni, kisha ndani ya kivuko, upepo wa ziwa unalipuliza. Injini hii ina vyuma vya kilo mia moja na kitu pamoja na lita 2.5 za oili, hivyo haifikii joto lake la mwisho kwa dakika kumi. Inapanda taratibu. Ikiwa imepungukiwa hewa itazidi kupanda, lakini bado itahitaji muda. Kivuko kilikuwa kinaikata safari kabla joto halijafika pabaya, na kila safari ikaanza upya na oili iliyopoa. Daraja liliunganisha vipande viwili kuwa kimoja, lami ikamshawishi Mwalimu akanyage kidogo zaidi, na kasoro ambazo kivuko kilikuwa kinazifichia siri miaka miwili zikatoka nje.

Mtaani kulikuwa na waliokuwa wanasema gari limelikataa daraja. Nao, kwa namna yao, hawakuwa mbali sana.

Kufungua na kufunga

Kushusha injini ya Beetle si kazi ya kutisha. Kuna bolti nne, mpira wa mafuta, nyaya chache na kebo ya mafuta, mirija ya hewa ya moto, kisha jeki chini na mtu wa kuyumbisha. Bloku ni ya magineziamu, jambo ambalo vijana wa gereji wanapaswa kulijua kabla ya kuchomelea chochote karibu nayo. Magineziamu ikishika moto, maji yanauchochea.

Hedi ya kushoto ilikuwa na ufa kati ya tundu la plagi na kiti cha valvu. Shingo ya valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imekonda, na ukiilaza kwenye kioo unaona inatetereka. Pistoni ya tatu ilikuwa na mikwaruzo ubavuni. Stadi moja ya hedi, ile bolti ndefu inayoishikilia, ilikuwa imeng'oka na nyuzi zake kutoka kwenye bloku, ugonjwa wa kawaida wa bloku hizi zikichemka mara kwa mara. Tulipeleka bloku kwa mkerezaji Nyakato, tundu likachongwa na kuwekewa kikombe cha chuma chenye nyuzi. Nilimwomba aweke kwenye matundu yote ya stadi, maana yaliyobaki yalikuwa yanasubiri zamu. Oili kula ilikuwa imezibwa katikati ya mapezi kwa vumbi lililogandana na oili pamoja na mabawa ya wadudu wa ziwani. Gari hulala chini ya taa ya nje, na wadudu wale wakija kwa mawingu, kila kilicho karibu na taa kinapata sehemu yake.

Mapendekezo ya injini mpya yalikuja mengi. La kwanza lilikuwa kufunga injini ya Toyota nyuma. Inawezekana, ila unahitaji rejeta, mahali pa kuiweka, mabomba ya kwenda na kurudi, na gari ambalo si lile tena. Mwalimu alilikataa kabla sijamaliza sentensi. Mpwa wake alipiga simu kupendekeza silinda za milimita 88, zinazoingia bila kuchonga bloku.

"Mjomba, hizo zinaongeza nguvu."

Simu ikahamia kwangu. Nilimweleza kwamba zinaingia bila kuchonga kwa sababu ukuta wake umepunguzwa, na ukuta mwembamba kwenye injini ya upepo unapinda ukipata moto. Tulibaki na 85.5, kipimo cha kiwandani cha 1600. Kinaingia kwenye bloku ya 1500 kama kilivyo na kutoa sentimita za ujazo 1,584 badala ya 1,493. Nguvu hiyo inamtosha mtu wa kilomita 70 kwa saa.

Marekebisho pekee ambayo niliyapigania yalikuwa oili kula ya 1971. Wapo wapenzi wa magari ya zamani watakaoniambia gari la 1968 libaki na vitu vya 1968. Nawaheshimu, lakini wao wengi hawaendi Sengerema. Igoma tulipata Kombi iliyokufa, injini ya 1600, yenye kava lake, feni yake pana na oili kula yake nyuma. Vyote vikanunuliwa kwa bei ya chuma chakavu na kidogo juu yake. Bati la mbele la injini lilitobolewa ili hewa ya oili kula itoke chini badala ya kuzunguka ndani. Usipofanya hivyo umehamisha tatizo tu.

Hedi mbili mpya zilitoka Nairobi kwa basi kupitia Sirari. Tulizikaza kwa spana ya torki, nyutoni mita 31, hatua kwa hatua na kwa mpangilio wa kukata msalaba. Nimesisitiza spana ya torki kwa sababu mazoea ya "kaza mpaka ugumie" ndiyo yanayong'oa stadi.

Mabati ya chini, thermostati, puli ya chuma na distributa ya zamani vilikuwa vyote kwenye gunia moja stoo. Mwalimu hatupi kitu, na gunia lile lilituokolea pesa kuliko jambo lingine lolote. Thermostati ilizua ubishi na kijana wangu wa gereji, aliyeona haina kazi Mwanza. Kazi inayo. Asubuhi injini inapata joto haraka na kuacha kujisaga, na vibati inavyoviendesha ndivyo vinavyogawa hewa vizuri. Na kibofu chake kikitoboka kinarefuka na kuacha njia wazi, kwa hiyo ubovu wake hauwezi kukuchemshia gari. Tuliiseti ianze kufungua kama ilivyogongwa juu yake, digrii 65 hadi 70.

Mpira wa kuzunguka injini wa kiwandani hatukuupata. Tulikata mpira wa mlango wa Land Rover, ukabana vizuri kuliko nilivyotarajia. Vikombe vya mpira vya waya za plagi, vile vinavyoziba matundu kwenye bati, vilikuja pamoja na hedi. Oili ikarudi 20W-50. Injini hii haina filta, ina chujio la wavu tu, kwa hiyo kitabu kinasema imwagwe kila kilomita 5,000. Kwa vumbi letu namwambia Mwalimu asingoje zifike.

Nina kipima joto kinachoingia kwenye tundu la dipstiki. Ile safari fupi ya Buhongwa, kabla ya kushusha injini, kilikuwa kimesoma 118 na kilikuwa bado kinapanda. Baada ya kufunga, na injini kuzoea, tulikwenda Sengerema bila kusimama, mchana, watu watatu ndani na kiroba cha mchele. Tulipofika kilisoma 101. Mtu anaweza kuuliza ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na puli, na kiasi gani na taimingi au oili kula. Sikuwa tayari kuua hedi mpya ili nipate jibu kamili. Jaribio moja nililifanya kwa kuwa linarudishika. Nilivua mpira wa Land Rover upande mmoja, nikaenda hadi Usagara, joto likawa juu kwa digrii 9 kuliko siku iliyotangulia njia hiyo hiyo. Nikaurudisha hapo hapo kando ya barabara.

Valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu naipima kila Mwalimu anapokuja kumwaga oili. Mpaka sasa haijasogea.

Puli ya alumini iko kwenye rafu sebuleni, karibu na redio. Mpwa amepewa taarifa na amekubali yaishe. Anachosubiri Mwalimu sasa ni zamu ya bodi, kwa sababu sakafu chini ya kiti cha nyuma, betri inapokaa, imeoza hadi unaona lami. Kukata na kuchomelea bati jipya kutasubiri masika iishe. Kwa sasa nimemzuia Mwalimu kukalisha abiria wazito nyuma upande wa betri, maana springi za kiti zikishuka na kugusa vichwa vya betri, kiti kinawaka. Nimemtafutia betri fupi zaidi na kifuniko cha plastiki cha kuifunika.